Kutoka kwenye ngoma hadi jukwaani

SWALI: Shikamoo bibi. Naweka hesabu za vikoba hapa Temeke. Sasa wananisukuma nigombee uenyekiti wa mtaa, nami niliishia darasa la saba. Yupo aliyebadilika hivyo ukubwani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Yupo, tena wa hapahapa Dar es Salaam: Bibi Titi Mohamed. Kabla ya mwaka 1955 watu walimjua kwa kuimba ngoma. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilipomkabidhi kazi ya kuwakusanya wanawake, alianzia kwenye vikundi vya ngoma, kwa wenzake waliokwisha kuizoea sauti yake. Maelfu wakachukua kadi! Hapo ndipo ninapompendea. Wewe daftari la vikoba unalo, fedha za watu unazitunza, ugomvi wa marejesho unausuluhisha. Kachukue fomu, mama.