Kitambulisho cha picha hakikupi ruhusa ya video

Ndugu, umeuliza kwa nini mlinzi wa uwanja wa michezo akukataze kurekodi video wakati kizibao cha mpiga picha umevaa na kamera ni ileile. Tatizo si kamera, ni haki za matangazo. Vituo vya televisheni hulipa fedha nyingi ili picha zinazotembea ziwe zao peke yao, na kizibao chako kimetolewa kwa picha za mnato tu.

Zamani hili halikuwa na utata: mwenye kamera ya picha alipiga picha, basi. Mwaka 2008 kamera ya picha ya Nikon D90 ikaja na video, na mwaka huohuo Canon EOS 5D Mark II ikarekodi kwa ubora wa 1080p, yaani HD kamili. Tangu hapo mlinzi akikuangalia hawezi kujua unafanya lipi. Kwenye Olimpiki wamelitenganisha kabisa: mpiga picha ana kitambulisho chake, mtangazaji mwenye haki ana chake, na mtangazaji asiye na haki ana chake pia.

Ushauri wangu: soma fomu uliyotia saini, hasa kile kipengele cha maandishi madogo ambacho wengi tunakiruka (mimi nimo). Hakikisha swichi ya video haijaguswa, maana kwenye baadhi ya kamera iko palepale dole gumba linapopumzika, na taa nyekundu ikiwaka utajieleza hadi mechi iishe. Ukitaka mahojiano, omba kibali cha video mapema. Mara nyingi chumba cha waandishi wanaruhusu, kando ya uwanja hapana.