Darubini ya kutazamia ndege Mabamba: 8x42 au 20x50?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Jinja. Shule zikifungwa, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 9 tunakusudia kwenda kwenye kinamasi cha Mabamba kumtazama korongo-nyangumi, yule ambaye Waganda humwita bbulwe, na baadaye tungependa kuwa tunaingia msitu wa Mabira mara kwa mara siku za Jumamosi. Katika duka moja la Kampala nimeonyeshwa darubini mbili. Moja imeandikwa 8x42. Nyingine imeandikwa 20x50, vioo vyake vya mbele vinang'aa rangi nyekundu, na bei yake ni karibu nusu ya ile ya kwanza. Muuzaji anasisitiza kwamba ya 20 ina nguvu zaidi. Mimi huvaa miwani. Je, tununue ipi, na je, mtoto naye ataweza kuitumia?

JIBU: Mwalimu, nunua ya 8x42, lakini usiilipie kabla ya kuipima kwa njia nitakazokueleza, kwa sababu maandishi yaliyochapwa juu ya darubini yanaweza kusema lolote.

Nambari ya kwanza ni kiasi cha kukuza, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Bbulwe akiwa amesimama mita 40 kutoka kwenye mtumbwi wenu, darubini ya 8 itamleta kana kwamba yuko mita 5, na ya 20 itamleta hadi mita 2. Kwa hesabu hiyo muuzaji hakusema uongo. Alichokuficha, au pengine asichokijua, ni kwamba darubini haimkuzi ndege peke yake: hukuza pia mtetemo wa mikono yako, pumzi zako, na kila msukumo wa pondo la yule anayeuendesha mtumbwi. Kadiri unavyokuza zaidi ndivyo picha inavyocheza zaidi, na ndiyo maana waongozaji wengi wa watazama-ndege hukomea kwenye 8 au 10 kwa darubini ya kushikwa mkononi. Mwanasayansi Galileo aliiona ile miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii mwaka 1610 kwa darubini iliyokuza takriban mara 20, lakini hakuwa ndani ya mtumbwi.

Nayasema haya kwa sababu nami niliuziwa darubini ya namna hiyo, kwa maneno hayo hayo, nilipoanza kazi ya kuongoza wageni watazama-ndege. Asubuhi moja huko Mabamba, mwenye mtumbwi alinyoosha kidole kuelekea kwenye mafunjo, na mgeni wangu, ambaye alikuwa na darubini ndogo ya 8 iliyochubuka rangi, akamwona bbulwe akimnyanyua kamongo kutoka kwenye tope. Mimi niliyaona mafunjo tu, yakiruka juu na chini kana kwamba kuna upepo. Nilipompata ndege hatimaye, samaki alikuwa ameshamezwa, na mgeni alikuwa anachora kwenye daftari lake.

Sababu ya kuchelewa kwangu haikuwa mtetemo peke yake. Darubini ya 8x42 kwa kawaida hukuonyesha eneo lenye upana wa mita 120 hadi 140 kwa umbali wa mita 1,000, ilhali ya 20x50 mara nyingi huishia mita 60 au pungufu. Mafunjo yote yanafanana. Ukiyatazama kupitia tundu jembamba hujui kama uko kushoto au kulia kwa ndege unayemtafuta. Bbulwe mwenyewe atakuvumilia, maana anaweza kusimama bila kutikisika kwa muda mrefu hata ukadhani ni kisiki, lakini mdiria anayepigapiga mabawa hewani kabla ya kutumbukia majini hatakusubiri, na furukombe akishuka kunyakua samaki hutakuwa na zaidi ya sekunde chache.

Sasa tuje kwenye mwanga, ambao kwa maoni yangu ndio unaopaswa kuamua shauri hili, hasa kwa mtu anayetaka kwenda Mabira. Gawanya nambari ya pili kwa ya kwanza. Kwa 8x42 utapata milimita 5.25, na kwa 20x50 utapata 2.5. Hicho ndicho kipenyo cha kiduara cha mwanga kinachotoka kwenye lenzi ya nyuma na kuingia jichoni mwako. Saa sita mchana, jua likiwa kali juu ya ziwa, mboni ya jicho hujibana mpaka milimita 2 au 3, kwa hiyo darubini zote mbili zitaonekana kuwa na mwanga wa kutosha, na bila shaka ulizijaribu dukani katika mwanga wa namna hiyo. Lakini alfajiri, au chini ya miti mikubwa ya Mabira ambako mchana hufanana na jioni, mboni hupanuka hadi milimita 5 au zaidi, na hapo kiduara cha 2.5 hakiijazi. Tofauti si ya mara mbili kama nambari zinavyoonyesha, kwa kuwa kinachopitisha mwanga ni eneo la duara, si kipenyo chake: kiduara cha kwanza kina eneo linalozidi mara nne la pili. Katika msitu, tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kuona kwamba ndege mweusi aliye juu ya tawi kumbe ana kifua cha kijani.

Vioo vyekundu vinazidisha hasara hiyo. Kila uso wa kioo usiopakwa dawa ya kuzuia mwanga usirudi hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga, na ndani ya darubini nyuso hizo ni 10 au zaidi, hivi kwamba bila dawa nzuri theluthi ya mwanga inaweza kupotea njiani. Utando mzuri wa dawa hiyo huonyesha mng'ao hafifu wa kijani au wa zambarau. Ule mwekundu unaometameta kama taa ya nyuma ya bodaboda huitupa nje rangi nyekundu yenyewe, na picha hubaki na ukijani usio wa kweli. Umewekwa hapo kwa ajili ya mnunuzi, si kwa ajili ya mtazamaji.

Kuhusu miwani yako: kila darubini ina umbali maalumu ambao jicho linapaswa kuwa nao kutoka kwenye lenzi ya nyuma ili lione duara lote. Kwa mvaa miwani umbali huo usipungue milimita 15, na ni heri ufike 17. Ukiwa mfupi utaona kama unachungulia kwenye bomba. Zungusha vile vikombe vya mpira vya machoni mpaka vishuke kabisa, tazama ukiwa na miwani, na uhakikishe unaona ukingo wa duara pande zote. Kama tatizo lako ni kutoona mbali tu, au kutoona karibu tu, unaweza hata kuivua miwani, kwa kuwa gurudumu la kulengea litafidia kasoro hiyo. Kama daktari wa macho alikuandikia miwani ya astigimatizimu (jicho lisilo na mviringo ulio sawa), ivae, maana gurudumu haliwezi kuirekebisha.

Ukirudi dukani, chukua rula ya mwanafunzi. Pima upana wa lenzi ya mbele. Kisha ishike darubini mbele yako kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga lenye mwanga (wala si kwenye jua, hata kwa bahati mbaya), utazame kile kiduara cheupe kwenye lenzi ya nyuma, na umwombe mume wako aweke rula juu yake. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili. Kama lenzi ya mbele ni milimita 50 na kiduara ni 5, basi mbele yako kuna darubini ya 10, hata kama imeandikwa 20 au 90 kwa herufi za dhahabu. Nimewahi kuona iliyoandikwa 90x80 ambayo lenzi yake ya mbele haikufika hata milimita 40. Hapo hapo angalia umbo la kiduara: kikiwa mviringo kamili wenye mwanga sawa mpaka kwenye ukingo, prizimu za ndani (vile vipande vya kioo vinavyogeuza njia ya mwanga) kwa kawaida ni za kioo kizuri kiitwacho BaK-4, kikiwa na pembe zilizokatwa na vivuli vya kijivu, ni za BK7, iliyo ya bei rahisi.

Baada ya hapo toka nje, hadi mlangoni angalau, ulenge waya wa umeme au ukingo wa paa la mbali. Ukiendelea kutazama, isogeze darubini polepole mbali na macho. Mstari ubaki katika kimo kimoja upande wa kulia na wa kushoto. Ukikatika katikati na nusu moja ikapanda, mirija miwili haitazami mahali pamoja, na darubini hiyo itakuumiza kichwa kabla hujafika Namawojjolo kununua kuku wa kuchoma. Kasoro hiyo hairekebishiki nyumbani, kwa hiyo omba nyingine ya aina hiyo hiyo uipime nayo.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua iliyofungwa isiingize maji na kujazwa gesi ya naitrojeni, kwa sababu unyevu wa kandokando ya Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, huotesha ukungu juu ya lenzi, na ukungu ukishaila dawa ya kioo hautoki na dawa ikabaki. Usiihifadhi kwenye mkoba uliolowa. Wala usifute lenzi kwa ncha ya vazi lako la gomesi: puliza vumbi kwanza, ndipo utumie kitambaa kile cha kufutia miwani yako.

Kwa binti yenu, tatizo si nguvu bali nafasi kati ya macho. Darubini nyingi za 42 hazikunjiki kupita milimita 56 hivi kutoka katikati ya jicho moja hadi katikati ya jingine, na uso wa mtoto wa miaka 9 unaweza kuwa mwembamba kuliko hapo. Isitoshe, gramu 700 shingoni ni mzigo kwake. Mpeleke dukani. Aishike mwenyewe, aikunje mpaka mwisho, akuambie kama anaona duara moja au mawili. Akiona mawili, uliza kama wana 8x32, ambayo ni nyepesi zaidi, mara nyingi hukunjika zaidi, na bado hutoa kiduara cha milimita 4. Mwanga wake katika Mabira utapungua kidogo, lakini mtaweza kuitumia nyote watatu. Nayo pia ipimwe kwa rula.