Mwanangu, ile libaya ya Koko

Mwanangu mpenzi,

Sauti yako ya WhatsApp nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa ku cherehani, nimeacha kukanyaga ili nisikie vizuri. Unaniuliza umalize hiyo doktora yako huko Québec juu ya maumivu ya mishipa ya fahamu na uti wa mgongo, ao uiache urudie Goma utibu watu, sababu unaona haya kugusagusa miguu ya panya na kauzi ka nailo ili kupima maumivu miaka yote hii wakati huku watu wanaumwa. Nitakujibu. Lakini kuna jambo nilikuficha, wakati ule ulikuwa Kinshasa na mitihani, sikutaka kukuvuruga.

Unakumbuka libaya, ile blauzi ya kitenge, ya kijani ya Noeli ya 2020? Ulimuona Koko bibi yako nayo ku picha, ameketi, shali begani. Ile shali ilikuwa inaficha kitu.

Koko alikuwa amepata zona tangu mwezi wa kumi, ile watu wa Tanzania wanaita mkanda wa jeshi, malengelenge upande wa kushoto tu, toka mgongoni mpaka chini ya ziwa. Watu wa avenue walisema ni karuho, kuna mtu amemtilia sumu. Wengine walinivuta kando wakaninong'oneza apimwe SIDA, ni kusema UKIMWI. Kumbe ni kile kirusi cha tetekuwanga tu, ile aliugua akiwa mtoto kule Kasongo, wewe njo ulinifundisha, kinajificha ku mizizi ya neva kandokando ya uti wa mgongo miaka na miaka halafu siku moja mwili ukichoka kinaamka. Vidonda vilikauka kama mwezi moja hivi. Ngozi ikafunga, nikamshukuru Mungu, nikaanza kushona.

Ilikuwa kitenge kizuri, cha bei, mikono nilipandisha, kifuani nikatia uzi wa dhahabu. Asubuhi ya Noeli akavaa, sijui kama dakika kumi zilifika. Naingia chumbani namkuta ku kitanda na makasi yangu kubwa ya kukatia, ile ninyi wote nawakatazaga kugusa, ameshakata upande wote wa kushoto toka kwapa mpaka kiuno, na hata hakufuata mshono. Hasira ikanipanda. Nikamwambia, "Mama, vidonda vimepona, ngozi ni nzima, nini tena kinauma? Unatafuta tukuonee huruma mpaka lini?"

Hakulia. Alinitazama, akasema, "Adhabu ya kaburi aijua maiti," halafu akarudilia kukata, pole pole, mpaka kipande kikaanguka chini.

Yale maneno yangu mwanangu bado yananirudilia usiku. Mimi fundi, mimi mwenye kupima miili ya watu kila siku, sikuona kama kitambaa kinamuunguza mama yangu.

Baada ya pale nikaanza kuangalia. Kitambaa chenye kulegea, kile kinagusa kidogo na kuondoka, njo kilikuwa moto. Upepo wa dirisha pia. Lakini siku moja nikamfunga na kitenge kwa nguvu, nikazungusha mbavu mara mbili bila mkunjo, akapumua, akasema acha hivyo hivyo. Tangu siku ile akavaa amefungwa. Na mwaka uliofuata, wakati volkano ililipuka ile tarehe 22 mwezi wa tano, na siku tano baadaye wakasema watu watoke mu mji, tulitembea ku barabara ya Sake na umati ule, magodoro, mbuzi, watoto, na Koko alishikilia beseni ya plastiki ku ubavu wa kushoto njia yote ili mtu asimguse. Watu walifikiri ameficha chakula.

Mara ya kwanza nilikuhadisia ile kitenge ya kukaza, uliniambia toka 1965 wataalamu Melzack na Wall waliandika kama ndani ya uti wa mgongo kuko kama mlango, ukishika pahali panauma mlango unajifunga kidogo. Na ukaniambia ya breki, ukatumia tshukudu ya mjomba wako, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ili nielewe. Kwamba kuko seli za kuzuia, kazi yao ni breki, na neva ikiharibika kuko seli zingine, mikroglia, zinaamka na kutoa kitu chenye kufanya kloridi, ile ya ku chumvi, ijazane ndani ya seli za maumivu, halafu breki inalegea, hata inaweza kusukuma, sawa tshukudu inateremka toka Kibumba, unakanyaga breki na yenyewe inaongeza mbio. Hapo mguso wa nguo unapita njia ya maumivu. Na hiyo ya kloridi waliiona ku panya, 2003, huko huko Québec, na ya mikroglia ikafuata 2005. Nilikaa kimya ku simu, ulifikiri mtandao umekatika. Nilikuwa nalia. Mama yangu hakuwa anajifanya.

Kwa hiyo panya usiwaonee haya.

Lakini ngoja, na upande ule mwingine. Nani alimsaidia Koko? Dokta kijana wa hapa, alimpa amitriptilini, nusu ya kidonge cha 25 usiku. Watu wakasema ni dawa ya vichaa, mdomo ulimkauka, lakini kiisha wiki mbili tatu akalala usiku. Kale kadawa kalikuwa ku farmasi tangu siku zote, franga kidogo tu! Tulizunguka miezi nane, kila pahali wanatupa parasetamoli na kutuambia ngozi imepona. Dawa haikukosekana, mwenye kujua njo alikosekana. Naona hapo unasema, basi Mama anataka nirudi. Lakini ile dawa ilimpunguzia nusu. Ile nusu ingine alikufa nayo, akiwa amefungwa kitenge, na hakuna dokta wa Goma wala wa Ulaya alikuwa na dawa ya kuitoa yote kwa hakika. Itatoka wapi kama si ku hao panya?

Mdomo wangu unataka kusema kitu, ninaufunga. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na ile baridi ya huko ni wewe unailala, na hali ya huku unaijua.

Libaya iko mu valizi, ukingo alioukata sijawahi kuupinda. Jana nimetoa hapo kipande kama kiganja, nimekipa yule jirani mwenye anasafiri Montréal. Ukikipata, kipitishe ku mkono wako pole pole, halafu kifunge kwa nguvu, kisha siku ya yenga, Jumapili, ukipiga simu unieleze tena, sababu bado sielewi vizuri: kitambaa ni kimoja, mama ni yule yule, kwa nini kikimgusa kidogo kinaunguza na nikikikaza analala?

Mama yako