Umeflashi keneli yako afu tachi haigusiki? Soma logi kabla hujagusa kodi

Swali naloulizwa sana na vijana wanaoanza kujenga keneli za Android (kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa vya simu) ni hili: simu imewaka, picha inaonekana, wifi inashika, ila kioo hakisikii kidole kabisa. Ukimuuliza amefanya nini anakwambia amebadilisha draiva (kodi inayoendesha kifaa), ameongeza mistari kwenye dts (faili linaloielezea keneli vifaa vilivyomo kwenye simu), na kompaila nayo ameweka nyingine, vyote kwa mkupuo mmoja, sasa hapo hakuna anayeweza kujua kipi kimeharibu nini. Mi nawaambia siku zote, tachi haifi hivi hivi, kuna hatua imekwama na karibu kila mara keneli imeshaiandika, ni wewe tu hujasoma.

Kwanza jiwekee usalama. Hifadhi boot.img ya asili (faili lenye keneli ya kiwandani) kabla hujaanza chochote. Kama butiloda yako (programu inayoiwasha keneli) inaruhusu, tumia fastboot boot badala ya fastboot flash, maana ile inaipakia keneli kwenye RAM tu, ikigoma unazima unawasha simu inarudi na keneli yake ya zamani kama hakijatokea kitu. Afu ingia kwenye simu ikiwa bado na keneli ya kiwandani uchukue /proc/config.gz (konfigi ya keneli hiyo) kama ipo, na dmesg, yaani logi ya keneli, nzima ya tangu inawaka. Hiyo dmesg ya asili ni mali, ndo inakuonyesha tachi ilivyokuwa ikiamka ikiwa nzima, jina la chipu, basi (njia ya mawasiliano) iliyokaa, anwani yake. Keneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPLv2 kwa hiyo watengenezaji wanatakiwa watoe sosi kodi, ila unakuta iliyotolewa si ile ile iliyoko ndani ya simu yako baada ya apdeti, ndo maana nasema amini simu kuliko folda uliyodaunilodi.

Haya, sasa pakia keneli yako, fungua dmesg, tafuta jina la draiva ya tachi. Kama halionekani hata mara moja, usihangaike na pini wala umeme. Ama draiva hukuiwasha kwenye defconfig (faili la konfigi unalojengea keneli), ama ule mstari wa compatible (jina linalounganisha kifaa na draiva yake) kwenye dts haufanani na ulioko ndani ya draiva (herufi moja tu inatosha kuharibu), ama nodi (kile kipande cha tachi kwenye dts) imeandikwa status = "disabled".

Kama lipo na linalalamika, angalia namba ya kosa mwisho wa mstari. -517 peke yake si kosa, draiva inasema inasubiri kitu kingine kiamke kwanza, labda regyuleta (inayotoa umeme) au GPIO (pini za kuwasha na kuzima), tatizo ni pale inaposubiri mpaka mwisho bila kupata, na kwenye keneli za karibuni ukisoma /sys/kernel/debug/devices_deferred utaona nani bado yuko foleni. -6 au -121, inategemea draiva ya basi ya I2C (njia ambayo prosesa inaongea na chipu), maana yake chipu imeitwa haijaitika, kama kumpigia mtu simu na hapokei: labda umeme haujafika, labda bado imeshikiliwa kwenye riseti, au unapiga namba isiyo yake. Hii ya mwisho kwa chipu za Goodix inasumbua sana na watu hawaijui, zina anwani mbili, 0x5d na 0x14, na chipu inachagua moja kwa kuangalia pini ya INT (ile inayomuita prosesa ukigusa) iko juu au chini wakati inatoka kwenye riseti. Kwa hiyo mfuatano wa riseti ukikosewa, chipu ni nzima, umeme upo, na bado haitaitika kwenye anwani uliyoandika.

-2 mara nyingi ni faili la famuwea (programu ya ndani ya chipu) halijapatikana. Kama draiva umeijenga ndani ya keneli yenyewe, inaamka kabla /vendor, linapokaa faili hilo, haijapandishwa, kwa hiyo faili lipo kabisa ila muda wake haujafika.

Kuna jambo la huku kwetu lazima niliseme. Simu nyingi tunazochezea zimeshabadilishwa kioo, Kariakoo au Luthuli kwa wale wa Nairobi, na kioo kipya kinakuja na chipu yake ya tachi, unakuta cha kwanza kilikuwa Goodix kilichowekwa ni FocalTech. Hata kiwandani simu za modeli moja zinatoka na vioo vya wasambazaji tofauti. Ndo maana keneli ya mwenzako inafanya kazi kwake kwako inagoma na wote mna simu ile ile. Kabla ya yote cheki /proc/cmdline, simu nyingi butiloda inaandika humo jina la paneli iliyoiona, na kwenye defconfig washa draiva zote za tachi ambazo modeli hiyo inajulikana kuwa nazo.

Inatokea pia logi iko safi, draiva imeamka, na bado hakuna kitu. Hapo fungua /proc/interrupts (hesabu ya mara ambazo kila kifaa kimemuita prosesa), gusa kioo, soma tena mstari wa tachi. Namba haipandi, basi pini ya INT au pinctrl (mpangilio wa pini) imekosewa. Inapanda ukigusa ila getevent (komandi inayoonyesha miguso) haitoi kitu, shida iko kwenye famuwea au draiva inasoma data vibaya. Inapanda kama kichaa hata hujagusa, angalia aina ya triga (ishara ya INT inayohesabika kama mguso) uliyoweka, mara nyingi umeweka level badala ya edge.

Kwa simu za GKI (keneli ya pamoja ya Google kwa simu nyingi), zile zilizotoka na Android 12 na keneli 5.10 kuendelea, draiva ya tachi kawaida ni moduli pembeni (faili linalopakiwa baadaye) si ndani ya keneli, ukibadilisha konfigi kidogo tu moduli ya kiwandani inaweza kugoma na utaona ule ujumbe wa disagrees about version of symbol. Jenga moduli upya pamoja na keneli yako au rudisha konfigi ilivyokuwa.

Na kama simu inajiwasha upya yenyewe kabla hujapata dmesg, ipeleke hapo hapo rikava (recovery) bila kuizima wala kuchomoa betri, afu soma /sys/fs/pstore/console-ramoops-0, kwenye zile za zamani ni /proc/last_kmsg. RAM ikikosa umeme logi nayo imeondoka.

Ukiomba msaada kwa mtu, mtumie dmesg nzima kuanzia sekunde ya sifuri ikiwa faili la maandishi, pamoja na uname -r (toleo la keneli) na cmdline. Picha ya skrini yenye mistari ya mwisho haisaidii, mstari unaoeleza tatizo mara nyingi uko juu kabisa, sekunde ya kwanza au ya pili.