Ligamenti ya goti imekatika, lazima nipasuliwe?

Pole sana ndugu, kuambiwa ligamenti ya mbele ya goti (mkanda wa ndani unaoshikilia mifupa ya goti) imekatika halafu hujui ukubali kisu au la, nakuelewa kabisa, mimi nilipita hapo hapo. Sio kila mtu lazima apasuliwe, kama goti halilegei ukitembea au kushuka ngazi, mazoezi ya fiziotherapia yanaweza kutosha. Ila kama unataka kurudi mpirani, mara nyingi madaktari wanakupasua na kuchukua kano yako mwenyewe (kamba inayounganisha msuli na mfupa), ya chini ya pia ya goti au ya nyuma ya paja, wanaipandikiza kwa matundu madogo wakiangalia kwa kamera. Tafadhali usirudi uwanjani kabla ya miezi 9 tangu operesheni, wengi wanaikata tena hapo. Na baada ya operesheni kigimbi kikivimba na kuuma, wahi hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda.