Ilianza saa ngapi?

Nesi wa mapokezi alitutazama mimi na kaka yangu, akauliza: "Ilianza saa ngapi?" Tukajibu kwa mpigo mmoja, majibu mawili. Mimi nilisema saa 1 kasoro robo asubuhi, nilipomkuta Mama anahangaika kuvaa na mkono wa kulia umegoma. Kaka alisema ni jana yake usiku, maana walipoagana ulimi wa Mama ulikuwa mzito, ila akadhani ni usingizi. Nesi akaligeuza swali: "Mara ya mwisho mlimwona mzima kabisa ni saa ngapi?" Tukatazamana. Watu wazima wawili, tumelala nyumba moja na mama yetu, na hakuna aliyeweza kutaja saa.

Baadaye nilielewa uzito wa swali lile. Kiharusi kikisababishwa na bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, ipo dawa ya kuliyeyusha, na kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Pasipo mtu anayejua zilianza lini, huhesabiwa kuanzia mara ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima. Kwa Mama muda huo ulikuwa umeshapita, daktari akatuambia hivyo bila kutulaumu. Tulijilaumu wenyewe.

Usiku ule, kwenye benchi la nje ya wodi, niliomba kalamu nikaandika nyuma ya karatasi niliyopewa: "Alhamisi. Mkono wa kulia hauinuki. Mdomo umeenda upande. Anaelewa ninachosema, hawezi kujibu." Sikuwa na nia ya kuandika safari ya maisha yangu. Nilikuwa na aibu tu, na sikutaka kuulizwa swali jingine nikabaki mdomo wazi.

Imepita miaka miwili, na ile karatasi imezaa madaftari matatu. Watu walio katikati ya mitihani yao, mwingine kafiwa, mwingine kaachishwa kazi, mwingine anauguza kama mimi, huniuliza kama kuandika kunasaidia. Kunasaidia. Ila msaada nilioupata mimi si ule nilioahidiwa na kila aliyeniambia "andika, utaona moyo unakuwa mwepesi".

Kurasa kama 30 za daftari la kwanza ni kilio kitupu. Nimechoka, kwa nini sisi, sina nguvu, nimechoka. Nikizisoma leo sijui siku zile kulitokea nini nyumbani. Najua tu kwamba nililia, jambo ambalo ningelikumbuka hata bila daftari.

Sikidharau kilio. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida yasiyo na uzito, wengine waliandika jambo lililowaumiza kuliko yote maishani. Walioeleza tukio pamoja na hisia zao walitoka chumbani wakiwa na huzuni zaidi, na presha yao imepanda. Lakini katika miezi 6 iliyofuata walikwenda kutibiwa kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kwangu mimi neno zito hapo ni "pamoja". Kilichotokea, na kilivyokuuma. Mimi nilikuwa naandika nusu ya pili peke yake. Tena wale waliandika siku 4, wakaacha. Mimi nilikuwa nachimba shimo lilelile kila usiku, wiki baada ya wiki, halafu nashangaa mbona sitoki.

Kwa hiyo kama unaanza leo na unaona kurasa zako zinarudia maneno yaleyale, simamisha kalamu. Si dhambi. Kama kuandika kunakuacha umevurugika zaidi na hali hiyo haiondoki, funga daftari utafute mtu wa kuongea naye, hasa mtaalamu. Karatasi inasikiliza vizuri lakini haitambui mtu anapozama.

Nilichobadilisha kilikuwa kidogo sana. Nilianza kuandika mistari mitatu: mmoja wa mwili wa Mama, mmoja wa lililofanyika siku hiyo, mmoja wangu mimi. Siku nyingine mstari wangu ni neno moja, "hoi". Siku nyingine unaruka ukurasa. Lakini ile miwili ya kwanza nililazimika kuijaza kwa vitu vinavyoonekana: presha asubuhi na jioni akiwa amekaa na kutulia dakika 5, kanyanyua kijiko kwa mkono gani, kalala saa ngapi, dawa ipi imebadilishwa.

Huo mstari wa dawa ulitulipa mapema. Mwezi wa nne Mama alianza kuyumba anaposimama. Mimi niliamini kiharusi kinarudi, na kwa siku tatu sikulala. Kliniki, daktari alipouliza lini ilianza, sikubahatisha. Nilifungua ukurasa: tarehe 9 dawa mpya ya presha imeongezwa jioni, tarehe 11 kizunguzungu akitoka kitandani, 12 tena, 14 alishika ukuta. Daktari aliisoma kwa muda usiofika dakika moja, akampima presha amelala, kisha akampima tena amesimama. Kipimo cha juu kilitoka 138 kikashuka hadi 112. Akapunguza dozi. (Akapunguza yeye. Daftari halikupi ruhusa ya kugawa vidonge kwa akili yako.) Tungefika pale na neno "anayumba-yumba siku hizi", sidhani kama tungetoka na jibu haraka namna ile.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona daftari kama shahidi. Shahidi, kama ujuavyo, hatoi ushahidi wa upande wako tu.

Kwa mwaka mzima nilikuwa na kinyongo na kaka. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba baada ya wiki ile ya kwanza hakutia mguu, kazi yangu ilikuwa kuuguza na yake kupiga simu. Siku moja tukagombana kwa kweli, akasema, "Nilikuja, mwezi wa tatu, nikalala kwenye kiti." Nikamwambia anaota. Nikaleta daftari ili nimwaibishe. Mwezi wa tatu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, imeandikwa: "Kaka kafika usiku. Kakataa kitanda, kalala kwenye kiti karibu na Mama. Nimelala saa 9 mfululizo, mara ya kwanza." Kesho yake yupo. Keshokutwa yupo. Alikaa siku 4.

Nilisimama pale na daftari mkononi, na hadi leo, niwe mkweli, siikumbuki sura yake kwenye kile kiti. Nimejaribu. Kumbukumbu yangu imemfuta kabisa.

Si mimi peke yangu. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka muda mfupi baada ya kuruka. Asubuhi iliyofuata mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwaomba wanafunzi waandike walikuwa wapi na nani aliwapa habari. Miaka kama miwili na nusu baadaye, yeye na Nicole Harsch waliwauliza 44 kati yao maswali yaleyale. Wanafunzi 11 hawakupatia hata jambo moja kuu, na wengi waliokosea walikuwa na uhakika kabisa wa majibu yao. Walipoonyeshwa karatasi zao za awali, kumbukumbu hazikurudi. Mmoja alikiri kwamba mwandiko ni wake, ila akasema mambo hayakuwa hivyo. Nilimwelewa sana mwanafunzi yule.

Ukiwa ndani ya shida, kumbukumbu inakwambia haijawahi kuwepo siku nzuri. Ukitoka, inakwambia haikuwa kazi kubwa kiasi hicho, hata unamshangaa anayelia mahali ulipolia wewe. Hupindisha pande zote mbili, na hupindisha kwa nia njema kabisa. Mstari mmoja wenye tarehe unatosha kuibana. Tarehe iwe na mwaka, tafadhali. Kuna karatasi zangu mbili za "Jumanne" ambazo hadi leo sijui ni za lini.

Sasa, usidhani naliona daftari kuwa takatifu. Mama alipoanza kuongea tena, polepole, neno moja moja, aliniona naandika akauliza: "Unaandika nini?" Nikamsomea ukurasa wa zamani: "Mama amelia mchana wote. Amekata tamaa." Akatikisa kichwa. "Sikulia." Nikamwambia, Mama, nilikuwepo. Akatafuta maneno kwa muda mrefu, mimi nikajizuia kumtafutia, kisha akasema: "Machozi. Yanatoka tu."

Tulimweleza daktari, akasema hilo linajulikana. Kiharusi kinaweza kuharibu sehemu za ubongo zinazodhibiti kulia na kucheka, mtu akabubujikwa na machozi bila huzuni, au akacheka pasipo la kuchekesha. Kwa hiyo miezi kadhaa nilikuwa nimeandika hukumu nikidhani naandika habari. Tangu siku hiyo naandika nilichoona: "Machozi, mchana, kama dakika 10, hakusema kitu." Nikitaka kuandika ninachodhani, naanza na "nadhani". Ni neno dogo, limeniokoa na uongo mwingi.

Swali la Mama lilinifungulia jambo jingine pia. Nilikuwa nimeandika kuhusu mwili wa mtu mwingine: kuogeshwa kwake, kukosa kwake kujizuia, siku alizonisukuma. Shida ilikuwa yetu sote, lakini aibu ilikuwa yake. Nikamuuliza kama anataka kurasa fulani zitoke. Akachagua mbili. Nikazichana mbele yake, bila kunakili. Kama shida unayoiandika ina mtu mwingine ndani yake, mtoto, mwenzi, mzazi, fikiria atajisikiaje siku atakapoikuta, maana siku hiyo ipo. Na amua mapema daftari linakaa wapi na nani anaruhusiwa kulifungua.

Siku 9 za kwanza Mama hazikumbuki hata kidogo. Hizo alitaka azisikie zote, hata zile za kutisha. Nilimsomea jioni tatu. Katika nchi za Skandinavia wauguzi wa vyumba vya wagonjwa mahututi walianza zamani kuwaandikia wagonjwa wao shajara za namna hii, ili mtu akizinduka aone siku zake zilikwendaje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wa wagonjwa 352 katika nchi 6 za Ulaya, ulikuta kwamba waliopewa shajara hizo walipata msongo wa baada ya kiwewe (ile hofu inayobaki kumsumbua mtu baada ya tukio la kutisha) kwa uchache kuliko wenzao, asilimia 5 dhidi ya 13. Utafiti mkubwa zaidi wa Ufaransa, mwaka 2019, haukuona tofauti ya maana. Wataalamu waendelee kubishana. Mimi nilichoona ni Mama akininyamazisha kwa mkono katikati ya siku ya sita, kisha akisema, "Rudia hapo, waliponigeuza." Alikuwa akiota mara kwa mara kwamba anatupwa. Kumbe alikuwa anageuzwa kitandani kila baada ya saa chache asipate vidonda.

Mengine ni ya kawaida, nayataja haraka. Siku mikono imechoka nilijirekodi sauti kwenye simu, sekunde 30, nikaandika baadaye au nisiandike. Nilipiga picha za maboksi ya dawa badala ya kunakili majina marefu. Siku nzuri niliziandika kwa makusudi, kwa sababu siku nzuri haina haraka ya kuandikwa na hupotea kwanza. Na niliacha kununua madaftari mazuri: lile la jalada la ngozi nililozawadiwa lina kurasa mbili tu, kwani kila nilipolishika nilihisi ni lazima niseme jambo la hekima.

Siku hizi naandika mara mbili au tatu kwa wiki. Wiki iliyopita Mama aliniita akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, gauni limefungwa vifungo vyote, isipokuwa kimoja kimeingia tundu lisilo lake.

"Andika," akasema. "Leo. Nimefunga mwenyewe."

Nikachukua kalamu. Nikamkumbusha kwamba kile cha juu nilimsaidia mimi.

"Hicho usiandike."

Nimeandika vyote viwili, na kwamba amenikataza.