Dada mtu anapata, mama hapati

SWALI: Bibi, shikamoo. Mama ana miaka 72, anauza bajia hapa Ngamiani, Tanga, na kiuno kishamkataa. Dada yake wa Wete, Pemba, hupokea pencheni kila mwezi. Mama je?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mama mkubwa anapata Pencheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa waliotimiza miaka 70, hata aliyeuza bajia maisha yake yote. Bara hatuna, na mimi huona uchungu. Sera ya wazee ya 2003 inasema mzee asiyejiweza atibiwe bure. Mpeleke mama yako kwa mtendaji wa mtaa aandikishwe, apate kadi ya matibabu hayo. Kadi yangu ilitoka safari ya tatu, na jina limekosewa! Lisomeni hapohapo kabla hamjaondoka.